Jinsi ya Kuisoma Picha ya Shunga: Anza Pembeni, Malizia Katikati

Mpe mtu asiyezijua picha moja ya shunga, yaani picha za kale za mapenzi za Kijapani. Macho yake yatakwenda moja kwa moja pale ambapo mchoraji alijua yatakwenda, yatakaa hapo nusu dakika, kisha atacheka au atasonya na kuisukuma mbali. Picha yenyewe atakuwa hajaiona. Mimi pia nilianza hivyo: nilicheka, nikafunga ukurasa. Niliporudi mara ya pili, kwa bahati tu, jicho lilinasa kwenye ukingo wa vazi, kwenye maua madogo yaliyochapwa bila rangi yoyote, karatasi imebonyezwa tu ikatokeza umbo. Hapo nikajua kuna mtu alikaa siku nzima akichonga kitu ambacho watazamaji wengi hawatakiona.

Mwongozo huu ni wa kusoma picha hizo hatua kwa hatua, kuanzia pembeni kuingia ndani. Ni wa watu wazima, maana shunga ni picha za mapenzi ya kimwili na hazifichi kitu. Ila ukifuata mpangilio huu, lile linaloonekana kwanza utalifikia karibu mwisho, na utalielewa vingine.

Kwanza, jina na zama zake

Shunga ni picha za majira ya kuchipua, yale majira ambayo sisi wa karibu na ikweta tunayasoma vitabuni tu. Kwa Kijapani, kama ilivyokuwa kwa Kichina kabla yake, kutaja majira hayo ni njia ya adabu ya kutaja mapenzi. Kuna majina mengine mawili ya kukumbuka: *makura-e*, picha za mto wa kulalia, na *warai-e*, picha za kucheka. Hilo la mwisho lishike vizuri, maana wengi wanaozitazama leo hulisahau, wakazitazama kwa uso wa msiba.

Zilichapwa kwa wingi katika enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, Japani ikiwa chini ya mashogun, watawala wa kijeshi, wa ukoo wa Tokugawa. Ni tawi la *ukiyo-e*, picha za ulimwengu unaoelea, zilezile zilizotupa mawimbi ya Hokusai na waigizaji wa kabuki. Wala hazikuwa kazi za wachoraji wa vichochoroni. Moronobu, Harunobu, Koryusai, Kiyonaga, Utamaro, Hokusai, Eisen, Kunisada, Kuniyoshi: wote walichora shunga. Jina kubwa linalokosekana ni Sharaku.

Mwaka 1722 serikali ya shogun ilipiga marufuku vitabu vya mapenzi, na ikadai kila kitabu kiwe na jina la mwandishi na la mchapishaji. Biashara haikufa, ilijificha tu. Vitabu vilisambazwa na wakopeshaji wa vitabu waliotembea mlango kwa mlango na furushi mgongoni, na kwa njia hiyo vilifika hata ndani ya kaya za heshima, kwa wanaume na kwa wanawake. Katika shunga zenyewe utawakuta wanawake wakizitazama shunga. Nyingine ziliwekwa kwenye masanduku ya bibi harusi, zikafanya sehemu ya kazi ambayo pwani yetu huachiwa kungwi.

Hatua ya 1: Pata picha kamili, si kipande

Usianze na picha zinazozagaa mitandaoni. Nyingi zimekatwa pembeni, maandishi yamefutwa, rangi zimekolezwa. Nenda kwenye hazina za makumbusho zilizowekwa wazi kwenye intaneti: British Museum ya London, Museum of Fine Arts ya Boston, na kituo cha utafiti cha Nichibunken kilichoko Kyoto, chenye mkusanyo mkubwa wa vitabu vya aina hii vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Honolulu Museum of Art nayo ina mkusanyo mzito.

Ukiipata picha, jiulize ilikuwa sehemu ya nini. Shunga ni nadra kuwa karatasi moja inayojitegemea. Huwa ni ukurasa wa kitabu, au karatasi moja ya seti, na seti mara nyingi ina picha 12, mila iliyorithiwa kutoka kwenye hati za kuviringishwa zilizochorwa kwa mkono. Ukiona mstari wa mkunjo katikati na matundu ya uzi pembeni, hiyo ilitoka kitabuni. Karatasi ya ukubwa wa *oban*, kiasi cha sentimita 39 kwa 26, huenda ilikuwa ya albamu ya kifahari. Ikiwa ni nyembamba na ndefu kama utepe, huenda umekutana na seti ya Kiyonaga ya mwaka 1785 hivi, iitwayo *Sode no maki*, yenye kimo cha sentimita 12 tu na urefu wa zaidi ya 60. Jina lake linataja sode, yaani mkono wa vazi. Ndani ya utepe huo Kiyonaga aliikata miili kwa ukingo wa karatasi, kama mtu anayechungulia kupitia ufa wa mlango. Kwangu mimi hakuna seti inayomfundisha mtu haraka zaidi nguvu ya kukata picha.

Hatua ya 2: Tazama nguo kabla ya ngozi

Hapa kaa muda mrefu, maana hapa ndipo mgeni hupotea.

Katika shunga watu kwa kawaida wamevaa. Vazi limefunguka, limepanda, limeteleza begani, lakini lipo, na mara nyingi limechukua nafasi kubwa kuliko mwili. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba uchi peke yake haukuwa jambo la kusisimua Edo, mji ambao wanaume na wanawake walikuwa wakioga pamoja kwenye hamamu za umma hadi serikali ilipoanza kukataza. Mwili mtupu ni mwili wa kuogea. Kinachotia hamu ni kitambaa kinachofichua nusu.

Sababu ya pili ni ya kiutendaji. Mchoraji wa ukiyo-e alichora mwili wa mwanamume na wa mwanamke kwa mstari uleule laini, bila misuli na bila kivuli. Vua nguo, na mtazamaji hajui tena nani ni nani, wa tabaka gani, ametoka wapi. Vazi ndilo linalosema. Kwa hiyo chukua muda uyahesabu matabaka ya vazi. Fuata ukingo mmoja wa kitambaa kutoka begani hadi unapoishia, uone unavyopinda kupita juu ya mguu wa nani. Mara nyingi utagundua mguu uliodhani ni wa mwanamke ni wa mwanamume. Nguo nyekundu ya ndani huwa ya mwanamke, na wachoraji waliitumia kama taa: jicho hufuata wekundu ule hadi pale linapotakiwa kufika.

Mikono ya vazi iliyo mirefu sana, inayoning'inia karibu na sakafu, ni ya mwanamke ambaye hajaolewa. Mkanda mpana wa kiunoni, obi, ukifungwa kwa mbele badala ya nyuma, mara nyingi ni alama ya mwanamke wa mtaa wa starehe.

Hatua ya 3: Nywele, nyusi na meno

Nyuso zitakusumbua. Zote zinafanana, macho ni mistari miwili, mdomo ni nukta. Usitafute sura ya mtu pale, tafuta alama.

Mwanamke mwenye meno yaliyopakwa weusi na nyusi zilizonyolewa ni mke wa mtu, na kwa desturi ya zama zile nyusi zikinyolewa huenda tayari ni mama. Ukimkuta na kijana ambaye dhahiri si mumewe, hadithi imeshajieleza. Mwanamume mwenye utosi ulionyolewa na kifundo cha nywele kilichokunjwa ni mtu mzima. Upanga ukiwa umelazwa kando ya godoro, huyo ni samurai. Nywele za mwanamke zikiwa zimejaa vichanio na pini kama miale ya jua, uko Yoshiwara, mtaa wa starehe wa Edo.

Kisha tazama nywele zilizochomoka. Kichwa kilichosukwa kwa saa mbili kikaanza kulegea, nyuzi tatu nne zikamwangukia shavuni: hicho ndicho kipimo cha joto la picha, kwa sababu uso hausemi. Nyuzi hizo pia ndizo mtihani mkubwa wa mchongaji. Kila unywele ni ukingo mwembamba wa mti uliobakizwa baada ya kuchimba pande zake zote mbili, na kisu kikiteleza mara moja, ubao umekwisha.

Hatua ya 4: Fanya upekuzi wa chumba

Geuka mpelelezi. Karatasi laini zilizofinyangwa na kutupwa sakafuni zinaeleza saa ngapi zimepita. Kiko na kisanduku cha tumbaku, birika, vikombe vya sake, chandarua, kioo kwenye kiegemeo chake, paka anayejilamba: hakuna kilichowekwa kujaza nafasi.

Vingi ni mafumbo. Njia hiyo Wajapani huiita *mitate*, kuvisha jambo la hadhi ya juu vazi la kila siku. Mfano mzuri ni wa Harunobu. Kulikuwa na mada ya zamani ya Kichina ya mandhari nane za mito ya Xiao na Xiang: mwezi wa majira ya majani kupukutika, matanga yanayorejea, mabata wanaotua, kengele ya jioni, na kadhalika. Mwaka 1766 hivi Harunobu aliziingiza zote sebuleni. Mwezi ukawa kioo cha duara. Matanga yakawa taulo inayopepea kwenye kitundikio. Mabata wanaotua kwa safu yakawa vigingi vya kushikilia nyuzi za ala ya koto. Kengele ikawa saa. Baadaye akairudia mada hiyohiyo katika seti ya shunga. Mtazamaji wa Edo alicheka mara mbili: kwa kinachofanyika, na kwa kuutambua mwezi wa washairi ukiwa umesimama pembeni kama kioo cha kujipambia.

Picha iliyochorwa ndani ya picha, kwenye skrini ya kukunja au ukutani, isome pia. Mara nyingi inasema kwa mafumbo yale ambayo watu walioko mbele yake wanayasema wazi.

Hatua ya 5: Mtafute anayechungulia

Ni hatua fupi lakini usiiruke. Mara nyingi kuna mtu wa tatu: mjakazi nyuma ya mlango wa karatasi, jirani kwenye dirisha. Harunobu aliifikisha desturi hii mwisho wake mwaka 1770 katika seti ya Maneemon, mwanamume aliyepungua hadi akawa mdogo kama punje ya haragwe, anayezunguka nchi akijificha nyuma ya mito na matandiko ili ajifunze siri za mapenzi. Katika kila picha unamtafuta kwanza yule mtu mdogo, na ukimpata unatambua kwamba wewe mwenyewe ndiye Maneemon.

Hatua ya 6: Soma maneno, au umtafute aliyeyasoma

Nafasi tupu kuzunguka miili mara nyingi imejaa mwandiko. Ni mazungumzo ya wahusika, na tanakali za sauti kwa wingi wa ajabu: za maji, za pumzi, za godoro. Yamekatizwa na vichekesho, malalamiko, mama mkwe anayeweza kuamka, mtoto anayelia chumba cha pili. Mwandiko wenyewe ni wa zamani, umeungana kama uzi, na hata Wajapani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Kwa hiyo tumia picha zenye maelezo ya wataalamu.

Kwa nini ujisumbue? Hebu chukua picha maarufu kuliko zote, ya Hokusai, kutoka kitabu chake *Kinoe no komatsu* cha mwaka 1814. Mwanamke mpiga mbizi amelala miambani, na pweza wawili, mkubwa na mdogo, wamemzunguka. Mwandishi Mfaransa Edmond de Goncourt, katika kitabu chake cha 1896 juu ya Hokusai, aliutazama mwili ule akauona karibu na maiti, kama mtu aliyezama. Hakuyaelewa maandishi yaliyojaa nyuma yake. Maandishi hayo ni mazungumzo: pweza anajigamba kwamba hatimaye amempata, mwanamke anajibu kwa sauti za raha, na pweza mdogo anangoja zamu yake. Isitoshe, mtazamaji wa Edo aliijua hekaya ya Tamatori, mpiga mbizi aliyeiba kito kutoka kwa Mfalme wa Joka chini ya bahari akafukuzwa na viumbe vyake. Kwake picha ilikuwa mzaha juu ya hekaya ya kale. Kwa Goncourt ilikuwa jinamizi. Wino ni uleule na karatasi ni ileile.

Hatua ya 7: Sasa, miili

Naam. Viungo vya siri vimechorwa vikubwa kupita kiasi, mara nyingine sawa na kichwa cha mwenye navyo, na vimechongwa kwa uangalifu ambao uso haukupewa. Si ushamba wala si kutojua umbo la binadamu. Katika mkusanyo wa visa uitwao *Kokon chomonju*, wa mwaka 1254, kuna kisa cha mtawa mchoraji aliyekosolewa na mwalimu wake kwa kutia chumvi kwenye picha. Akajibu kwamba mabingwa wa zamani waliochora picha za mapenzi walikuza ukubwa wa vitu vile, kwa sababu vikichorwa kwa kipimo chake halisi hakuna cha kutazamwa. Huo ni utetezi wa miaka zaidi ya 400 kabla ya Moronobu, na sijausikia utetezi bora kuliko huo.

Kuna maelezo mengine: kwamba uso na kiungo vimepewa ukubwa sawa kwa kuwa vinawakilisha nafsi mbili za mtu mmoja, ile ya hadharani na ile ya faragha. Wazo zuri, ila naona wachoraji hawa wasingelihitaji.

Mikao nayo haiwezekani. Jaribu kuifuata kwa akili uone uti wa mgongo unapita wapi, utaukosa. Mchoraji alitaka mambo mawili kwa pamoja, uso uonekane na kiungo kionekane, kwa hiyo aliuzungusha mwili kama kitambaa kinachokamuliwa. Usiusome kama mafunzo ya viungo.

Kwa kuwa uso umetulia, hisia zimehamia kwingine. Tazama vidole vya miguu: vikikunjwa, ndiyo kilele. Tazama leso iliyong'atwa kwa meno, kiganja kilichofumba, na ukosi. Ukosi wa mwanamke, pale nywele zinapokutana na shingo, ulikuwa na uzito mkubwa wa mahaba, na ndiyo maana kola ya kimono ya wanawake wa mitaa ya starehe ilivutwa nyuma.

Hatua ya 8: Pima tarehe kwa rangi

Picha moja ni kazi ya watu wanne: mchapishaji anayetoa mtaji na wazo, mchoraji, mchongaji, na mpiga chapa. Mchoro hubandikwa kwenye ubao wa mcheri na kuchongwa, hivyo mchoro wa asili huangamia papo hapo. Kila rangi ina ubao wake, na alama mbili ndogo pembeni mwa kila ubao huhakikisha karatasi inakaa palepale kila mara. Karatasi yenyewe hutokana na magome ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi, na husuguliwa mgongoni kwa kifaa cha duara kiitwacho *baren*.

Ukiona mistari myeusi tu, au rangi iliyopakwa kwa mkono, uko mwishoni mwa karne ya 17 au mwanzoni mwa ya 18, zama za Moronobu, aliyefariki 1694, na waliomfuata. Mwaka 1765 ulileta chapa za rangi nyingi, na Harunobu akiwa mbele. Buluu kali, yenye kina, iliyokolea angani na majini, ni buluu ya Prussia, iliyoenea Edo kuanzia 1830 hivi. Nyekundu na zambarau zinazopiga kelele ni rangi za viwandani zilizoingia kuanzia miaka ya 1860.

Jambo linalowashangaza wengi: kwa kuwa shunga ilikuwa nje ya sheria, haikupita kwa mkaguzi, na kwa hiyo haikubanwa na masharti ya anasa yaliyobana chapa za halali. Humo ndimo utakuta ulanga unaometa, unga wa metali, na mibonyeo isiyo na rangi kama ile iliyoninasa mimi. Kazi ya magendo ilikuwa bora kuliko ya dukani.

Hatua ya 9: Tafuta jina lililofichwa

Muhuri wa mkaguzi hutauona, na sahihi rasmi mara nyingi haipo. Lakini wachoraji walikuwa na majivuno yao. Walijitia kwenye skrini, kwenye feni za mkononi, kwenye dibaji, au kwa majina ya utani. Kunisada alijiita Bukiyo Matahei, Matahei asiye na ustadi, akilichezea jina la mchoraji wa kale Ukiyo Matahei. Mtu mwenye ustadi kuliko karibu wote wa zama zake kujiita hivyo, na kila mnunuzi akijua ni nani!

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue picha moja kutoka *Utamakura* ya Utamaro, ya mwaka 1788, seti ya picha 12 iliyotolewa na mchapishaji Tsutaya Juzaburo. Jina la seti lenyewe ni fumbo: *utamakura* ni istilahi ya ushairi, kwa neno kwa neno ni mto wa mashairi, na ndani yake kuna mto wa kulalia na kuna mwanzo wa jina la Utamaro.

Wapenzi wawili wako ghorofani kwenye nyumba ya chai. Anza pembeni: ukingo wa baraza, majani ya mti yanayofika usawa wa ghorofa, kwa hiyo tuko juu na tuko peke yetu. Nguo sasa: vitambaa vyepesi vinavyopenya mwanga, kwa hiyo ni msimu wa joto, na miguu inaonekana kupitia vazi kama kitu kilicho ndani ya maji. Nywele: kisogo cha mwanamke kimetugeukia, uso wake hatuuoni kabisa. Tunapewa ukosi mweupe, na shungi jeusi juu yake. Uso wa mwanamume umejificha nyuma ya kichwa chake, limebaki jicho moja jembamba. Katika aina ya picha inayosifika kwa kuonyesha kila kitu, Utamaro ameficha viungo. Kilichobaki wazi ni jicho lile na vidole vinavyogusa uso.

Kisha feni aliyoishika mwanamume. Ina shairi la Yadoya no Meshimori, mshairi wa mzaha wa Edo. Linasema kwamba ndege wa kinamasi, jamaa ya sululu, amebanwa mdomo wake mrefu ndani ya kombe, hawezi kuruka jioni hii ya majira ya majani kupukutika. Kombe la aina hiyo ni jina la mtaani la uke, hivyo mzaha wa kwanza hauhitaji mkalimani. Mzaha wa pili unahitaji. Mstari wa mwisho unamdhihaki Saigyo, mtawa mshairi wa karne ya 12, aliyeandika moja ya mashairi yanayoheshimiwa kuliko yote Japani juu ya ndege huyohuyo akiruka kutoka kinamasini jioni ya majira hayohayo, na moyo uliojitenga na dunia ukaguswa. Ndege wa Saigyo aliruka. Wa Meshimori amekwama, na hana haraka ya kuondoka.

Rudi sasa kwenye picha nzima uitazame tena. Ni picha tulivu sana, na ina kicheko ndani yake.

Usichokikuta kwenye picha

Seti hiyohiyo ya *Utamakura* inafunguliwa na mpiga mbizi anayeshambuliwa chini ya maji na *kappa*, majini wa mtoni, na zipo shunga nyingine nyingi za kulazimishana. Usizipake sukari kwa jina la sanaa. Vilevile Yoshiwara unayoiona, yenye hariri na vicheko, ilikuwa mtaa uliozungukwa na mfereji wa maji, wenye lango moja kuu. Wengi wa wanawake waliokuwa mle waliuzwa na familia zao kwa mikataba ya deni wakiwa wadogo. Waliokufa bila ndugu walipelekwa kwenye hekalu la Jokan-ji, ambalo watu walilipa jina la hekalu la kutupia. Shunga haikuonyeshi hekalu hilo hata mara moja. Ilichapwa kuuza ndoto, na wachoraji waliijua vizuri kazi yao.

Ukitaka kununua

Zinauzwa, na nyingi si za zama unazoambiwa. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangwa, hiyo ni chapa ya mashine ya kisasa. Geuza karatasi: chapa ya ubao hupenyeza rangi mgongoni na huacha alama za mviringo za *baren*. Hata hivyo hilo halithibitishi umri, maana mbao zilichongwa upya mara nyingi baadaye, kwa mkono na kwa ustadi. Linganisha mistari na nakala ya makumbusho, hasa nywele na mikunjo ya vidole. Ubao ulionakiliwa husaliti hapo kwanza: mstari unakuwa mnene, unasitasita. Weupe mkali wa karatasi nao utie shaka.

Mwisho, sheria. Japani yenyewe iliifungia shunga ndani kwa muda mrefu. Kifungu cha 175 cha kanuni ya adhabu ya 1907 kinakataza kusambaza machapisho ya aibu, na vitabu vyenye picha hizi bila kufichwa sehemu havikuchapwa kwa uhuru huko hadi miaka ya 1990. British Museum ilifanya maonyesho makubwa kuanzia Oktoba 2013. Tokyo ilingoja hadi 2015, jumba dogo la Eisei Bunko lilipozipokea, mlango ukiwa umefungwa kwa walio chini ya miaka 18, na watu wapatao 200,000 wakaja.

Kwa bahati ya kuchekesha, kifungu kinachohusu biashara ya machapisho ya aibu katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nacho ni cha 175, na kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya inalo katazo la aina hiyo katika kanuni yake. Kuangalia hazina ya makumbusho kwa ajili ya kujifunza ni jambo moja, kusambaza ni jingine. Kwa hiyo ukishampata Maneemon nyuma ya mto wake, mwonyeshe mwenzako kwa kumpa kioo cha simu mkononi. Usimtume kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, shangazi akamkuta asubuhi kabla ya chai.